Kabla ya Kumbadili Kiongozi, Tulifungue Daftari



Kuna maneno mawili ambayo vikundi vyetu vya michezo huyasikia kuliko mengine yote. La kwanza husemwa timu inaposhindwa: "Tumbadili kiongozi." La pili husemwa baada ya kiongozi mpya kukaa kitini miezi michache: "Pesa hakuna." Maneno hayo yanasikika Shabunda, yanasikika katika vyuo vya Bukavu, yanasikika hata Kinshasa katika ofisi za wakubwa. Tunapenda kuyatafakari pamoja nanyi, kwa kuwa tunaona yanaficha swali la tatu ambalo watu hawapendi kuliuliza: ile pesa kidogo iliyokuwapo ilitangulia kwenda wapi?

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kiongozi mpya hupokewa kwa nderemo, na kwa muda mfupi kila mtu huamini kwamba mambo yatanyoka. Rai yetu ni kwamba mabadiliko ya uongozi katika michezo hayana uzito wowote ikiwa mpangilio wa matumizi unabaki uleule. Na mpangilio huo haujulikani mpaka daftari lifunguliwe mbele ya wote. Hotuba ya kwanza ya kiongozi hutufurahisha, lakini kile anacholipia kwanza, na kile anachokikata kwanza pesa zinapopungua, ndicho kinachotuonyesha anaamini mchezo ni wa nani.

Ili tusianze kunyosheana vidole sisi kwa sisi, tutaanza mbali, mahali ambapo pesa ni nyingi na hesabu zake hujadiliwa hadharani. Kisha tutarudi nyumbani.

Chuo kilichojulikana kwa miguu ya Wakenya

Kaskazini-magharibi mwa Marekani, katika mji mdogo uitwao Pullman, kuna Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Jimbo hilo lisichanganywe na mji mkuu wa nchi ile wenye jina hilohilo. Yako mbali kama pwani moja ya bara ilivyo mbali na nyingine. Tangu miaka ya 1970, kocha wa riadha wa chuo hicho, John Chaplin, aliwaita vijana kutoka Kenya waje kusoma na kukimbia. Mwaka 1977 chuo kilitwaa ubingwa wa taifa wa riadha ya ndani. Mwaka huohuo mwanafunzi wake Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki. Mwaka uliofuata, 1978, Henry Rono, kijana wa Nandi, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Baadaye alipita hapo Bernard Lagat, ambaye alipata medali ya shaba katika mita 1,500 kwenye Olimpiki ya mwaka 2000, na ya fedha mwaka 2004. Kwa ufupi, watu wengi wa ulimwengu wasingelijua jina la Pullman kama si miguu ya watoto wa Afrika Mashariki.

Ni vema tueleze namna michezo inavyoendeshwa katika vyuo vikuu vya Marekani, kwa kuwa haifanani na yetu. Kila chuo kikubwa kina idara ya michezo yenye mkurugenzi wake, makocha wake na bajeti yake. Mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, pamoja na mpira wa kikapu wa wanaume, ndiyo huleta pesa nyingi za televisheni na za tiketi. Kwa desturi, pesa hizo zilibeba michezo mingine isiyojilipia: riadha, kuogelea, mpira wa wavu, na sehemu kubwa ya michezo ya wanawake. Hoja iliyotolewa kuwaheshimu wakubwa hao wawili ilikuwa kwamba ng'ombe anayetoa maziwa apewe majani mengi, kwa kuwa maziwa yake yananywewa na nyumba nzima.

Sasa tutazame yaliyotokea. Kwa zaidi ya miaka 100, chuo hicho kilicheza katika umoja wa vyuo vya magharibi ambao siku za karibuni uliitwa Pac-12. Mwaka 2022, vyuo viwili vikubwa vya Los Angeles vilitangaza kuondoka kufuata pesa nyingi zaidi za televisheni kwingineko. Mwaka 2023 vingine vikafuata, mpaka kati ya vyuo 12 vikabaki 2 tu: Chuo cha Jimbo la Washington na jirani yake wa Jimbo la Oregon. Mapato ya televisheni yaliyokuwa yakigawanywa kila mwaka yalianguka. Machi 2024, mkurugenzi wa michezo, Pat Chun, aliondoka akahamia Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, hasimu wa jadi wa chuo chake, na kimojawapo cha vile vilivyouacha umoja. Nafasi yake ilichukuliwa na Anne McCoy, aliyekuwa amefanya kazi katika idara hiyo zaidi ya miaka 20. Aprili 2025 chuo chenyewe kikapata rais mpya, Elizabeth Cantwell.

Juni 2025 mahakama ya Marekani ikaidhinisha mapatano makubwa kati ya wanamichezo wa vyuo na shirika linalosimamia michezo yao. Kwa mapatano hayo, wanamichezo wa miaka iliyopita watalipwa dola bilioni 2.8 kwa miaka kadhaa, na kila chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kwa upande mmoja hiyo ni haki: waliotoa jasho kwa muda mrefu bila ujira sasa wana fungu lao. Kwa upande mwingine, vyuo vingi vilipanga fungu hilo liende kwanza na kwa wingi kwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu. Wengine wote wakabaki wakitazama kilichosalia sufuriani.

Mwezi huohuo, chuo cha Pullman kilitangaza kwamba timu yake ya riadha itajielekeza katika mbio ndefu. Miruko na mitupo iliondolewa kabisa. Mbio fupi na viunzi vikapunguziwa nafasi.

Tunachokiona katika habari hiyo

Twende polepole, tusihukumu kwa haraka. Uongozi mpya haukuchimba shimo la fedha, ulilikuta. Mtu aliyerithi nyumba inayoungua hawezi kulaumiwa kwa moto. Tena mtu anaweza kusema kwamba ulichagua kwa akili: ulibakiza mbio ndefu, fungu la riadha ambalo kwalo chuo kilijulikana duniani. Heshima ya Rono na Lagat haikutupwa.

Hata hivyo, yule msichana anayetupa mkuki, au yule mvulana anayeruka juu, ana swali la haki. Yeye hakuuvunja umoja wa vyuo wala hakuhama kufuata televisheni. Hakuuzidisha mshahara wa kocha yeyote. Mbona gharama ya maamuzi ya wakubwa imemwangukia yeye kwanza? Hapa ndipo hoja ya ng'ombe wa maziwa inapovunjika. Tuliambiwa mpira mkubwa unalishwa sana kwa sababu unailisha nyumba nzima. Ikiwa sasa mpira huo unahitaji maziwa yake yote, na zaidi ya hayo unahitaji sehemu ya wadogo, basi sababu ya kuutanguliza imekwisha, imebaki mazoea. Na mazoea ndiyo kitu kigumu kuliko vyote kubadilika. Anaondoka mkurugenzi, anakuja mwingine, rais anastaafu, anakuja mwingine, lakini fungu la kwanza linabaki mahali pake kana kwamba limeandikwa juu ya jiwe.

Ndiyo maana tunasema kwamba kumbadili kiongozi ni nusu ya kazi, na ile nusu iliyo nyepesi.

Kuna jambo la pili. Henry Rono, ambaye rekodi zake ziliipa Pullman sifa duniani, alisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyopitia miaka mirefu ya ulevi na ufukara katika nchi ya ugenini. Alifariki Februari 2024. Hatusemi chuo ndicho kilichomwangusha. Maisha ya mtu yana sababu nyingi. Lakini habari yake inatulazimisha kuuliza pesa za michezo zinalenga nini hasa: miguu ya kijana wakati inakimbia, au kijana mzima, pamoja na ile miaka 40 atakayoishi baada ya mbio kwisha?

Waliothubutu kupanga upya

Wapo waliolijibu swali hilo kwa vitendo, na wawili kati yao tunawataja kwa kuwa waliongoza vyuo vya Kanisa.

Chuo Kikuu cha San Francisco cha Wajezuiti kilikuwa na jina kubwa katika mpira wa kikapu. Kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1955 na 1956. Miaka ya baadaye timu hiyo iliadhibiwa zaidi ya mara moja kwa kuvunja kanuni. Ilipofika mwaka 1982, ikajulikana kwamba mchezaji mmoja alikuwa akilipwa na mfadhili wa timu kwa kazi ambayo hakuifanya. Rais wa chuo, padri John Lo Schiavo, angeweza kufanya kama wengi wanavyofanya, yaani kumfukuza kocha, kumleta mwingine na kuendelea. Yeye aliona kwamba ugonjwa haukuwa ndani ya mtu mmoja. Aliifunga timu yote. Kwa miaka mitatu chuo maarufu kwa mpira wa kikapu hakikuwa na timu, mpaka mwaka 1985 iliporudishwa. Wengi walilia, na wachezaji wasio na hatia waliumia pia; hilo hatulifichi. Lakini ujumbe ulieleweka: mfadhili hana ruhusa ya kuwa mwenye timu kwa mlango wa nyuma.

Mfano wa pili ni wa juzi. Machi 2025, Chuo Kikuu cha Saint Francis cha Wafransisko, huko Loretto katika jimbo la Pennsylvania, kilitangaza kushuka kutoka daraja la kwanza la michezo ya vyuo hadi daraja la tatu, ambako hakuna mwanafunzi anayelipiwa masomo kwa sababu ya mchezo wake. Kilitangaza hivyo siku chache tu baada ya timu yake ya kikapu kucheza katika mashindano makubwa ya taifa. Wachezaji waliotumaini kuendelea katika daraja la juu walikuwa na haki ya kusikitika. Lakini viongozi walitazama mbio za fedha zilivyokuwa zikielekea, wakaona chuo chao kidogo kitashindana mpaka kisahau kwa nini kilianzishwa.

Hatuwataji hawa ili tuseme kila timu ifungwe au kila mtu ashuke daraja. Tunawataja kwa sababu waliugusa mpangilio wenyewe, wala hawakuishia kwenye majina ya viongozi.

Mpira usio na pumzi

Na sisi Wakongomani tuna ushuhuda wetu. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alikwenda Marekani mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitamani kuwa daktari. Aliingia Georgetown, chuo cha Wajezuiti katika mji mkuu wa nchi ile. Kocha wa kikapu, John Thompson, alimwona kijana huyo mrefu akamwita katika timu. Thompson alikuwa na desturi ya kuweka ofisini mwake mpira usio na pumzi, ili kila mchezaji anayeingia aone kwamba siku moja hewa itatoka, na aulizwe atabaki na nini. Alisisitiza vijana wake wamalize masomo. Mutombo alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, na baada ya hapo ndipo akaanza kazi ndefu ya mchezaji wa kulipwa.

Matunda yake tunayajua. Mwaka 2007 hospitali ya vitanda 300 ilifunguliwa Kinshasa, ikiwa na jina la mama yake, Biamba Marie. Mutombo alitoa dola milioni 15 za mfuko wake kuijenga. Alipofariki Septemba 2024, waliomlilia hawakuwa wapenzi wa kikapu peke yao. Walikuwamo wagonjwa waliotibiwa katika wadi zake. Ule mpira usio na pumzi haukugharimu kitu. Uligharimu tu uamuzi wa kiongozi kwamba saa za masomo zitalindwa kwanza, hata wiki ya mechi kubwa. Hilo nalo ni suala la bajeti, vijana wapendwa. Muda ni mali, na kiongozi huugawa kama anavyogawa pesa.

Turudi nyumbani

Mtu atasema: hayo ni ya Wamarekani wenye mamilioni, sisi wa Shabunda yanatuhusu nini? Tunajibu kwamba nchi yetu nayo ina mamilioni yake, na mpangilio wake.

Michezo ya Francophonie ilipangwa kufanyika Kinshasa mwaka 2021, ikaahirishwa hadi 2022, ikaahirishwa tena, ikafanyika kati ya tarehe 28 Julai na 6 Agosti 2023. Katika safari hiyo kamati ya maandalizi ilibadilishiwa mkurugenzi. Bajeti iliyotajwa mwanzo ilikuwa dola milioni 48. Mwishoni waziri wa fedha mwenyewe alitaja dola milioni 324. Mwaka 2025, miezi michache tu baada ya vita kuifikia Goma na Bukavu, serikali ilitangaza mkataba wa miaka minne na klabu ya Barcelona ili jina la nchi yetu lionekane katika mavazi yao ya mazoezi, kwa gharama iliyoripotiwa kuzidi euro milioni 40. Wapo wanaoutetea mkataba huo wakisema unaleta sifa na mafunzo kwa vijana. Na iwe hivyo. Tunangoja kuyaona mafunzo hayo yakifika Urega. Wakati huohuo kijana wa hapa anajua bei ya mpira mmoja uliosafirishwa kwa ndege kwa sababu barabara ya kutoka Bukavu haipitiki, na anajua jinsi njia zilivyozidi kuwa finyu tangu Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ulipotekwa.

Lakini tusiishie kuitazama Kinshasa, maana ni rahisi kuona doa lililo kwenye shati la mwenzako. Katika vikundi vingi vya vijana, mpangilio ni ule wa Pullman katika umbo dogo. Timu ya kwanza ya wavulana hupata jezi, nauli na chakula cha baada ya mechi. Wasichana wa mpira wa wavu huambiwa wangoje wavu mwaka ujao. Watoto huchezea mpira wa matambara. Sanduku la dawa ya vidonda halipo, na mchezaji akivunjika, familia yake ndiyo inayouza mbuzi. Na pale anapotokea mfadhili, mnunuzi wa dhahabu au mgombea wa uchaguzi, analeta jezi zenye sura yake na kuamua nani acheze namba gani. Hapo kumbukeni San Francisco.

Hoja inayotolewa ni ileile: "Timu ya kwanza ndiyo inayovuta watu uwanjani." Ni kweli, na hatuidharau furaha ya Jumapili jioni, hasa katika miaka hii ya uchungu ambapo uwanja ni mahali pachache vijana wa makabila mbalimbali hukutana bila hofu. Lakini ikiwa timu ya kwanza inavuta watu, basi inavuta na sadaka zao na michango yao. Na mchango huo ni wa kundi zima. Timu ya kwanza iwe kaka mkubwa anayerudi nyumbani na chakula cha wadogo zake, isiwe kaka mkubwa anayekula njiani.

Wengine husema: "Mpangilio ni wa wenye fedha, sisi hatuna cha kupanga." Tunaona kinyume. Mwenye dola milioni 20 akikosea, atapata nyingine. Mwenye franga za mpira mmoja akikosea, watoto watakaa mwaka mzima bila mpira. Umaskini ndio unaodai mpangilio mkali zaidi.

Kapu la wote

Wazee wa Urega hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika Bwami ya Walega, mtu hakuwa mkubwa kwa kurithi kiti wala kwa nguvu za mkono. Alipanda ngazi kwa ngazi, akifundishwa kwa methali na kwa sanamu ndogo za mti na za pembe, mpaka wachache wafike ngazi ya juu kabisa ya kindi. Na vile vitu vya thamani havikuwa vyote mali ya aliyevishika. Vingine vilikaa ndani ya kapu la pamoja, akakabidhiwa mtunzaji mmoja kwa niaba ya wote. Kilichomo kilitolewa mbele ya wenzake katika mkutano wao, si gizani peke yake. Mtunzaji alipoondoka, kapu lilipita kwa mwingine, na heshima ya kundi ikaendelea. Utawala wa Kibelgiji uliipiga Bwami marufuku, lakini haukuweza kuufuta ukweli uliokuwa ndani ya kapu lile: kiongozi ni mtunzaji, na mtunzaji hufungua mbele ya watu.

Daftari la kikundi chetu cha michezo ndilo kapu letu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji mfadhili wala ruhusa ya Kinshasa.

Kwanza, kiongozi asibadilishwe bila makabidhiano. Anayetoka aonyeshe mbele ya kikundi pesa zilizoingia, zilizotoka, madeni, na hesabu ya mipira, nyavu na jezi. Anayeingia atie sahihi mbele ya mashahidi. Hii inamlinda anayetoka dhidi ya masingizio, na inamlinda anayeingia asirithi deni asilolijua.

Pili, mpangilio wa matumizi uandikwe kabla pesa hazijaja, maana pesa zikishafika kila mtu anakuwa na njaa. Sisi tungeanza na sanduku la dawa na usalama wa wachezaji, halafu vifaa vya watoto na vya wasichana, kisha timu ya kwanza, na mwisho safari na sherehe. Kikundi kingine kinaweza kupanga vingine. Kilicho muhimu ni kiandike na kisome kwa sauti.

Tatu, pesa zikipungua na ikabidi kukata, wale watakaokatwa waitwe kwanza, wasikilizwe, waelezwe sababu kwa hesabu. Kukatwa kunaumiza, kukatwa bila kusikilizwa kunadhalilisha.

Nne, msaada wa mfadhili upokelewe kwa barua inayosema ni wa kikundi, na kwamba hautoi haki ya kuchagua wachezaji wala viongozi. Asiyekubali maneno hayo hakuleta zawadi, alileta kamba.

Tukifanya hivyo, siku timu itakapofungwa mabao matatu na sauti zikapaa kutaka kiongozi abadilishwe, tutakuwa na jambo la kusema lililo zito kuliko kelele. Tutaketi chini ya mwembe, tutalifungua daftari, tutasoma mstari kwa mstari. Pengine tutaona kwamba kiongozi ndiye tatizo, naye aondoke kwa amani. Pengine tutaona kwamba alijitahidi kwa kidogo alichokuwa nacho, na kwamba tatizo ni mazoea yetu ya kulisha mmoja na kuwasahau wengine. Kwa vyovyote, atakayekalia kiti kesho atajua kwamba kapu si lake.

Maswali ya kutafakari katika vikundi

1. Katika kikundi chetu, pesa za mwisho tulizopata zilitumika kwa nini kwanza? Nani aliamua, na nani alikuwapo?

2. Ni nani miongoni mwetu wanaoambiwa "ngojeni mwaka ujao" kila mwaka? Wamewahi kuulizwa wanahitaji nini?

3. Kama kiongozi wetu wa michezo angeondoka wiki hii, anayeingia angekabidhiwa nini kilichoandikwa?

4. Je, mazoezi yetu yanalinda muda wa masomo na kazi za vijana, au yanaula? Mpira wetu ukiisha pumzi, tutabaki na nini?